Siku 30 baada ya kupandikizwa mishipa ya moyo: namna ya kusoma namba tunazotangaziwa

Kila hospitali katika nchi zetu inapofanya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya damu kwenye moyo, habari hutoka na namba. Wagonjwa kadhaa wamefanyiwa na wote wanaendelea vizuri. Au, waliofariki ni asilimia mbili tu. Huku Mwanza namba hiyo huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo jioni ile ile. Anayeisoma ni mtoto wa mzee aliyeambiwa juzi kwamba mishipa yake mitatu imeziba, na anaisoma kama hukumu: 98 kati ya 100 wanapona, basi tuuze ng'ombe tumpeleke Dar es Salaam. Au kinyume chake: kuna waliokufa, basi mzee abaki nyumbani ameze vidonge.

Namba hiyo kwa kawaida ni ya kweli. Shida ni kwamba inajibu swali dogo kuliko lile la familia. Inaeleza yaliyowapata watu waliochaguliwa, wakafika, wakalipiwa, wakapasuliwa, tena kwa siku chache ambazo hospitali iliwaona. Kwa sisi wa ukanda wa ziwa, mengi yanayoamua kama mtu atapona yapo kabla ya siku hizo na baada yake. Ndiyo maana nataka tuifungue namba hiyo taratibu.

Mishipa mitatu ni ipi

Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe hulishwa na mishipa miwili myembamba inayochipuka pale mshipa mkuu unapotoka kwenye moyo. Wa kushoto hugawanyika mapema kuwa matawi mawili makubwa. Matawi hayo pamoja na mshipa wa kulia ndiyo "mishipa mitatu" anayoitaja daktari. Kwa miaka mingi mafuta na chokaa hujijenga kwenye kuta zake, hasa kwa mwenye kisukari, mwenye presha na mvuta sigara. Njia ikishakuwa nyembamba, msuli wa moyo bado hupata damu ya kutosha mtu akiwa amekaa. Akipanda mlima haimtoshi.

Na Mwanza ni mji wa milima. Mtu wa Igogo au Mabatini aliyezoea kupandisha mawe hadi kwake bila kusimama anaanza kupumzika mara moja njiani, baadaye mara mbili. Kifua kinabana katikati, maumivu yanaelekea bega la kushoto au taya. Anakaa kwenye jiwe dakika 5, yanaisha, anaendelea. Nyumbani wanasema ni gesi, au vidonda vya tumbo vimeamka, na duka la dawa liko pale chini. Maumivu yanayokuja mtu akipanda na kuondoka akipumzika yasiitwe ya tumbo mpaka moyo uwe umepimwa. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kwenye kila duka la dawa kuanzia Buhongwa hadi Igoma.

Akipimwa na kukutwa na tatizo, tiba ziko za aina tatu, na zinaweza kwenda pamoja. Dawa ni za kila mgonjwa. Kuzibua na kuweka stenti, yaani kijibomba cha waya kinachoacha mshipa wazi, hufanywa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mkono au paja. Upasuaji ndio wa tatu, na hauchaguliwi kwa sababu mgonjwa amezidiwa kuliko wengine. Mara nyingi unachaguliwa kwa sababu ya umbo la ugonjwa wenyewe. Mwenye kisukari na mishipa mingi iliyoziba ndiye mfano mkubwa. Utafiti ulioitwa FREEDOM, wa watu 1,900 wa aina hiyo, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 waliofariki, waliopata shambulio la moyo au waliopigwa kiharusi walikuwa asilimia 26.6 kwa waliowekewa stenti na asilimia 18.7 kwa waliopasuliwa. Lakini kiharusi peke yake kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa. Kwa hiyo hata pale upasuaji unaposhinda, mgonjwa analipa kitu mapema ili apate kitu baadaye. Matokeo ya siku za mwanzo yanapima malipo hayo tu. Faida yenyewe huonekana miaka ikishapita.

Kinachofanyika mezani

Mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini. Wakati daktari mmoja anaandaa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka kwenye moyo, inayopita ndani ya ukuta wa kifua, mwingine anatoa mshipa mguuni, ule unaopanda upande wa ndani wa mguu kuanzia kifundo. Kisha ncha ya mshipa huo hushonwa mbele ya sehemu iliyoziba kwa uzi mwembamba kuliko unywele, ili damu ipite njia mpya. Ile sehemu iliyoziba haiguswi. Ni kama daraja la Kigongo–Busisi: tangu Juni 2025 magari yanapita juu bila kusubiri kivuko, ila maji ya ghuba yako pale pale. Ugonjwa wa mishipa nao unabaki pale pale, na ndiyo sababu aliyepasuliwa hatupi vidonge vyake.

Historia ya upasuaji huu ina jambo linalotuhusu. Mwaka 1967, hospitali ya Cleveland nchini Marekani, aliyeujenga kwa kutumia mshipa wa mguu alikuwa René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa ametumia miaka kama 12 akitibu wakulima katika kijiji kiitwacho Jacinto Aráuz. Miaka mitatu kabla yake, Vasilii Kolesov alikuwa ameshona ateri ya kifuani kwenye moyo huko Leningrad. Na miaka ya 1980, mashine ya kuchukua nafasi ya moyo na mapafu ilipokuwa ghali mno kwa hospitali nyingi, madaktari wa Amerika Kusini, Enio Buffolo wa Brazil na Federico Benetti wa Argentina, waliendeleza njia ya kushona moyo ukiwa unadunda, bila mashine. Kwa hiyo nchi zisizo tajiri hazikungoja upasuaji huu uletewe kwao, zimechangia kuutengeneza.

Swali la mashine au bila mashine bado linawasumbua watu, nami nitalipitia haraka. Utafiti wa CORONARY, wa wagonjwa 4,752 katika nchi 19, uliochapishwa 2012, ulikuta vifo vya siku 30 vinalingana: asilimia 2.5 kila upande. Bila mashine, damu ya kuongezewa ilihitajika kwa wachache zaidi na walioumia figo walikuwa wachache kidogo. Lakini waliolazimika kurudiwa kuzibuliwa mapema walikuwa wengi kuliko upande wa mashine, ingawa wote walikuwa wachache. Mkono wa daktari na mazoea ya timu yake vina uzito kuliko uchaguzi huo. Ukimkuta mtu anakuambia hospitali fulani ni bora kwa sababu haitumii mashine, usimfuate.

Tanzania ilianza upasuaji wa moyo wa kufungua kifua Muhimbili mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, ilipoanza kujitegemea mwaka 2015 kazi hiyo ikapata nyumba yake. Upasuaji wa kupandikiza mishipa unafanyika hapo. Kwa mgonjwa wa Kanda ya Ziwa, safari ya kawaida ni kutoka zahanati au hospitali ya wilaya kwenda hospitali za Sekou Toure au Bugando mjini Mwanza, na kutoka hapo rufaa ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara.

"Mapema" ni lini

Wataalamu wanapoandika matokeo ya mapema wanamaanisha moja kati ya vitu viwili: yaliyotokea kabla mgonjwa hajaruhusiwa, au yaliyotokea ndani ya siku 30 tangu kupasuliwa, popote alipo. Vinasikika kama kitu kimoja. Kwa mtu anayeishi dakika 20 kutoka hospitali tofauti yake ni ndogo. Kwa mtu wa kisiwa cha Ukerewe tofauti yake inaweza kuwa ndiyo habari nzima.

Wanahesabu vifo kwanza. Katika hospitali zenye uzoefu za nchi tajiri, upasuaji huu usipokuwa wa dharura huua takriban watu 2 kati ya 100, mara nyingine chini ya hapo. Halafu wanahesabu madhara: kiharusi, mtu 1 au 2 kati ya 100, kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya damu kutoka nyingi, 2 hadi 5, mapigo ya moyo kwenda mrama, ambayo humpata karibu mtu mmoja kati ya watatu au wanne, kwa kawaida siku ya pili hadi ya nne, na mengi hutulia kwa dawa, kidonda cha kifua kuoza hadi kwenye mfupa, mtu 1 kati ya 100 au pungufu, na figo kushindwa.

Sasa hospitali changa inatangaza: tumepasua 30, hakuna aliyefariki. Ni jambo la kufurahia kwa moyo wote. Lakini ipo kanuni ya hesabu ambayo kila mwandishi wa habari za afya angepaswa kutembea nayo: pale ambapo tukio halijatokea hata mara moja, gawanya 3 kwa idadi ya watu, na utapata kiwango cha juu ambacho bado kinawezekana. 3 kwa 30 ni asilimia 10. Yaani wagonjwa 30 bila kifo hawawezi kututofautishia hospitali inayopoteza mtu 1 kati ya 100 na inayopoteza karibu 10 kati ya 100. Vivyo hivyo kwa kifo 1 kati ya 60: kinaandikwa asilimia 1.7, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya karibu sifuri na karibu 9. Ndiyo maana siamini jedwali linalopanga hospitali za Afrika kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kwa asilimia zenye nukta. Wagonjwa wakifika mia kadhaa ndipo namba inaanza kutulia.

Pia kuna suala la nani alichaguliwa. Timu inayoanza huchagua wagonjwa wenye nafuu: moyo bado una nguvu, figo nzima, umri si mkubwa. Inafanya vizuri kuchagua hivyo, na ingekuwa kosa kuanza na waliozidiwa. Ila matokeo ya wagonjwa hao hayawezi kuwa ahadi kwa mzee wa miaka 74 mwenye figo mbovu.

Ambao hawakuingia kwenye hesabu

Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ndipo watu wetu wanapofia.

Mwaka 2020 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwenye idara ya dharura ya hospitali ya rufaa mjini Moshi. Waliwapima wagonjwa 681 waliofika na maumivu ya kifua au kushindwa kupumua, wakakuta 152 kati yao wana shambulio la moyo. Waliopewa aspirini pale hospitalini walikuwa 35. Siku 30 baadaye, 65 walikuwa wamefariki, yaani zaidi ya wanne katika kila kumi.

Weka namba hizo mbili pamoja. Vifo vya siku 30 baada ya kupandikizwa mishipa: karibu 2 katika 100. Vifo vya siku 30 kwa waliofika hospitali ya Moshi na shambulio la moyo: zaidi ya 40 katika 100. Sisemi kwamba tofauti yote inatokana na upasuaji. Hao ni wagonjwa wa hali tofauti kabisa, na wengi wa Moshi walihitaji aspirini na kipimo cha umeme wa moyo muda mrefu kabla ya kumhitaji daktari bingwa wa upasuaji. Ninachosema ni kwamba anayeingia kwenye takwimu ya upasuaji tayari ameshapita chujio kali. Alitambuliwa. Alifika. Alipata picha ya mishipa. Familia ilichangishana, au bima ilikubali. Hakufa akisubiri tarehe. Matokeo mazuri mezani na msiba mtaani vinaweza kuwepo siku moja, mji mmoja, na visipingane.

Mvuvi wa Igombe anayepata maumivu makali ya kifua saa 9 usiku akiwa ziwani hayumo kwenye makala yoyote ya kitabibu kuhusu upasuaji wa moyo. Mtumbwi unachukua muda kurudi mwaloni, bodaboda inafuata, kisha daktari zamu ambaye pengine hana kipimo cha umeme wa moyo kinachofanya kazi. Kipimo hicho huchukua dakika chache na mashine yake ni ndogo ya kubebeka. Nikiulizwa shilingi ya kwanza ya kuboresha matokeo ya upasuaji wa moyo Kanda ya Ziwa iende wapi, nitasema iende kwenye mashine hiyo, karatasi zake, na mtu anayejua kusoma mistari yake katika kila kituo cha afya cha ufukweni.

Hatari ambazo kikokotoo cha Ulaya hakiulizi

Kabla ya upasuaji daktari hujaza vipengele vya mgonjwa kwenye kikokotoo cha hatari. Kinachotumika sana kinaitwa EuroSCORE II, kilichotolewa 2012 kutokana na wagonjwa zaidi ya 22,000 wa hospitali za nchi 43, nyingi zikiwa za Ulaya. Kinauliza umri, figo, kisukari cha sindano, nguvu ya moyo, kama ni dharura, na mengine. Kwa kuwa wagonjwa wa nchi zetu huwa na umri mdogo kuliko wa Ulaya, kikokotoo mara nyingi hutoa hatari ndogo. Lakini kimetengenezwa mahali ambapo maswali yetu mengine hayapo.

Mfano mmoja ni seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Uchunguzi wa watoto wachanga kaskazini-magharibi mwa Tanzania uliochapishwa 2018 ulikuta karibu mmoja kati ya watano amebeba nusu ya urithi huo, yaani haumwi lakini anao. Katika maisha ya kila siku mtu huyo hana tatizo lolote. Kwenye mashine ya moyo, damu hupozwa, hupita kwenye mirija, na oksijeni au tindikali ikivurugika seli zake zinaweza kujikunja na kuziba vimishipa. Wataalamu wanajua la kufanya: damu isipozwe sana, oksijeni isishuke, kwa mwenye ugonjwa kamili damu ibadilishwe kwanza. Yote hayo yanategemea kitu kimoja, kwamba kipimo kifanyike kabla. Kikokotoo hakikiulizi. Mtu wa Kanda ya Ziwa anayekwenda kupasuliwa moyo anapaswa kuuliza mwenyewe, "Daktari, nimepimwa seli mundu?" na hakuna daktari mzuri atakayeudhika.

Jingine ni kichocho cha tumbo, ambacho watu wa visiwani na wa mialoni wanaishi nacho tangu utotoni. Kikikaa miaka mingi hukomaza makovu kwenye ini na kulivimbisha bandama, na chembe sahani zinazogandisha damu hupungua. Mgonjwa huyo huyo anapewa heparini ili damu isigande kwenye mashine. Kikokotoo hakiulizi habari za ini pia. Kipimo cha damu cha kawaida na picha ya mawimbi ya sauti ya tumbo vinatosha kuibua tatizo hilo mapema, na vyote vinapatikana Mwanza.

Usiku wa kwanza

Familia nyingi huomba dua kwa ajili ya mikono ya daktari wa upasuaji, na ni sawa. Mimi huwaambia waombe pia kwa ajili ya nesi wa zamu ya usiku ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

Fikiria saa 8 usiku. Mgonjwa ametoka mezani jioni, bado ana mrija wa kupumulia kooni, mirija miwili au mitatu inatoa damu kifuani kwenda kwenye chupa iliyo chini ya kitanda. Nesi anaandika kila saa. Damu kwenye chupa: ikizidi mililita 200 kwa saa, saa baada ya saa, lazima daktari aamshwe. Ikikatika ghafla huku presha inashuka ni hatari kubwa zaidi, maana huenda mrija umeziba na damu inajaa kuuzunguka moyo na kuukaba. Mkojo: kwa mtu wa kilo 70 angalau mililita 35 kwa saa, la sivyo figo zinalalamika. Potasiamu, chumvi iliyo kwenye damu: ikishuka, mapigo yanaweza kwenda mrama, hivyo maabara inatakiwa itoe jibu saa hizo hizo za usiku. Damu ya kundi lake iwe tayari kwenye jokofu. Umeme usikatike.

Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji Afrika, uliochapishwa 2018 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 katika hospitali 247 za nchi 25, ulihusu upasuaji wa kila aina, si wa moyo peke yake, lakini ulichokikuta kinaeleza usiku huo kuliko chochote nilichosoma. Wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana kuliko wastani wa dunia, hatari yao ya kabla ya upasuaji ilikuwa ndogo, hata madhara waliyopata hayakuwa mengi zaidi. Bado uwezekano wao wa kufa ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia, na karibu vifo vyote vilitokea baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa kitandani. Watu hawafi kwa sababu madhara ni mengi. Wanakufa kwa sababu dhara likitokea linachelewa kuonekana, au likionekana hakuna wa kulishughulikia.

Ndiyo maana hospitali mbili zenye madaktari waliosoma chuo kimoja zinaweza kupata matokeo tofauti sana. Na ndiyo maana kambi ya wataalamu wageni wanaokuja wiki moja, pamoja na baraka zake zote, haiwezi kuwa kipimo cha hospitali: wiki hiyo ICU ina watu wa kutosha. Swali ni wiki inayofuata.

Kurudi nyumbani, siku ya 10 hadi ya 30

Mambo yakienda vizuri mgonjwa huruhusiwa kama wiki moja hadi siku 10 baada ya upasuaji. Kwa kipimo cha "kabla ya kuruhusiwa", hesabu yake imefungwa: amepona. Kwa mwili wake, kazi ndiyo imeanza. Mfupa wa kidari umefungwa kwa waya na utachukua wiki 6 hadi 12 kushikana. Hadi hapo huelekezwa asinyanyue zaidi ya kilo 5 hivi, asivute wala kusukuma kitu kizito, akikohoa akumbatie mto kifuani.

Maagizo hayo yakifika kwetu yanakutana na ndoo ya lita 20. Mama aliyepasuliwa akirudi Kisesa au Nansio, maji yanachotwa na nani? Ndoo iliyojaa ni kilo 20, mara nne ya alichoruhusiwa. Mvuvi akivuta wavu, au mzee akikaa nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo akijishikilia kwa mikono miwili, ni mfupa ule ule unaovutwa. Nimewahi kumsikia mama mmoja akimwambia mumewe kwa ukali wa mapenzi, "Baba, weka chini hiyo jembe, kifua si chako peke yako tena." Maagizo ya hospitali yangefaa yaandikwe kwa lugha ya ndoo, wavu na bodaboda, si kwa kilo tu.

Kidonda cha kifua kinachooza kwa kawaida hujionyesha katika wiki ya pili au ya tatu, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Dalili zake ni homa, usaha au maji kutoka kwenye kovu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, na mfupa unaolia au kucheza mtu anapojigeuza kitandani. Mwenye kisukari ambaye sukari haijashuka yuko hatarini zaidi. Huo si wakati wa kupaka asali wala kununua kapsuli dukani. Ni wa kwenda Bugando siku hiyo hiyo, na kuwapigia waliompasua. Kidonda cha mguuni, pale mshipa ulipotolewa, hakiui kwa kawaida lakini ndicho kinachowasumbua wengi zaidi: kinavimba, kinavuja, kinauma usiku. Kuinua mguu akikaa na kutembea kidogo kidogo kila siku husaidia.

Kuna pia mishipa yenyewe iliyopandikizwa. Ateri ya kifuani ni ngumu: baada ya miaka 10 zaidi ya 9 kati ya 10 huwa bado zinapitisha damu. Mishipa ya mguuni haidumu hivyo. Baadhi huziba ndani ya mwaka wa kwanza, na kufikia miaka 10 karibu nusu. Aspirini na dawa ya kushusha mafuta, statini, ndizo zinazochelewesha hilo. Zote mbili ni dawa za muda mrefu zisizo na mbwembwe, na mtu huziacha kirahisi akijisikia mzima. Akiwa anajisikia mzima ndipo zinapofanya kazi.

Sasa turudi kwenye namba. Mgonjwa aliyeruhusiwa siku ya 9, akafariki siku ya 22 nyumbani kwake Ukara, ameandikwa wapi? Kama hospitali inahesabu hadi mlangoni, ameandikwa miongoni mwa waliopona. Kama inahesabu siku 30 lakini hakuna aliyempigia simu, anaweza kuachwa nje ya hesabu pamoja na wote ambao hawakurudi kliniki, na wasiorudi kliniki katika nchi kubwa na ya nauli ghali ni wengi. Hakuna aliyedanganya. Lakini namba imelainika bila mtu kukusudia, na imelainika zaidi kwa watu wa mbali, yaani sisi.

Dawa ya hili ni rahisi kuliko kitu kingine chochote katika upasuaji wa moyo. Kila mgonjwa aondoke akiwa ameacha namba mbili za simu, yake na ya jirani au mtoto aliye karibu, na siku ya 30 mtu mmoja wa hospitali apige. Maswali matatu: yuko hai, kidonda kikoje, anameza dawa zipi. Mgonjwa naye aondoke na karatasi moja inayosomeka, isiyobaki kwenye faili Dar es Salaam: mishipa mingapi imepandikizwa na ilitoka wapi, nguvu ya moyo kwa asilimia kabla na baada, sukari na figo zilikuwaje siku ya kuondoka, dawa na kiasi chake, na simu ya kupiga usiku. Kwa karatasi hiyo daktari wa Nansio au Sengerema anaweza kuendelea na kazi bila kubahatisha. Na hospitali itakapotangaza asilimia yake, iandike chini yake kwamba kati ya wagonjwa hawa, wangapi tuliwapigia siku ya 30 na hatukuwapata.